Paka anayetoka nje na kupe: mwongozo kamili wa kumkinga bila kumdhuru

Kila mvua zikianza malalamiko ni yaleyale. Nimemtoa kupe jana leo wapo tena, nimempaka dawa niliyopewa dukani sasa paka anatetemeka, kola nimemvalisha lakini kupe wanamtembelea juu kama kawaida. Ukimhoji mtu vizuri unakuta kakosea moja kati ya haya matatu: dawa ni ya mbwa au ya ng'ombe, au dawa ni ya paka kweli ila kaimwagia kwenye manyoya, au paka katibiwa peke yake huku banda la mbwa lililo hatua kumi kutoka hapo limejaa mayai ya kupe.

Twende taratibu. Hata kama una haraka usiruke hatua ya 1, maana kukosea hapo ndo kunakoua paka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibano chenye ncha nyembamba. Kile cha nyusi kinafaa ila kiwe cha ncha kali, cha ncha pana kinamminya kupe tumbo. Kama duka la wanyama lina kile kindoano cha kutolea kupe, chukua.
- Kichupa chenye mfuniko na spirit kidogo ndani, ya kuua kupe unaowatoa.
- Glavu, pamba, maji safi na sabuni.
- Taulo kubwa la kumfungia paka.
- Chanuo la meno ya karibukaribu, lile la chawa.
- Mizani, hata ile ya bafuni ya kupimia watu.
- Dawa ya kupe iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya paka.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hii ni ya dharura, nitaeleza mwishoni.
- Namba ya daktari wa mifugo kwenye simu. Itafute leo kabla ya tatizo, usisubiri usiku wa manane paka ameshaanza kukakamaa.

## Hatua ya 1: Soma dawa, sio picha ya kwenye boksi

Ini la paka sio kama la mbwa. Lina upungufu wa vimeng'enya vya kuvunja baadhi ya sumu, kwahiyo dawa ambayo mbwa anapakwa na kuendelea kucheza inaweza kumuua paka siku hiyohiyo. Halafu paka anajilamba mwili mzima kila siku, chochote utakachompaka kitaishia tumboni.

Majina ya dawa nayaandika Kiswahili, kwenye boksi mengi utayakuta bila ile i ya mwisho, ila saipamethrini huandikwa cypermethrin na ivamektini huandikwa ivermectin.

Usimpake kabisa:

*Permethrini.* Hii ndo mbaya kuliko zote. Ipo kwenye dawa nyingi za matone za mbwa, zile za kudondoshea kwenye ngozi (Advantix kwa mfano), na kwenye spray na unga mbalimbali wa wadudu. Na usidanganyike na hesabu ya "mbwa ni mkubwa, nitampa paka nusu". Nusu inaua, robo inaua, maana dawa za matone za mbwa zina permethrini kali sana.

*Amitrazi.* Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi inayochanganywa na maji kwenye ndoo. Paka analegea, joto la mwili linashuka, mapigo ya moyo yanakwenda polepole. Watu wanaipenda kwa sababu ipo kila duka la mifugo na bei yake ni ndogo, lakini kwa paka hapana.

*Dawa nyingine za josho* kama saipamethrini na deltamethrini, hizi ni ndugu wa permethrini. Haijalishi umeichanganya na maji mengi kiasi gani.

*Sindano ya ivamektini ya ng'ombe.* Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Ukikosea kidogo tu kwa paka wa kilo 3 umemzidishia, anaweza kupoteza uwezo wa kuona, kuyumba au kuzimia. Na hata asipodhurika sio kinga ya kuaminika ya kupe kwa paka.

*Unga wa utitiri wa kuku.* Paka ataulamba wote.

*Tiba za nyumbani:* mafuta ya taa yanaunguza ngozi na mvuke wake unaharibu mapafu. Ugoro na maji ya tumbaku ni nikotini, sumu kali kwa paka. Kitunguu saumu, awe amepakwa au amelishwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu zake. Mafuta yenye harufu kali kama ya mti chai (tea tree), usiguse. Najua mwarobaini una heshima zake huku kwetu, ila kuna paka waliodhurika baada ya kupakwa mafuta yake, mimi nashauri ubaki kwenye miti na usiende kwenye ngozi ya paka.

Zinazofaa, ilimradi boksi ni la paka:

*Fipronili ya matone* (Frontline ya paka na zinazofanana nayo). Kichupa cha paka kina nusu mililita. Ndo inayopatikana kirahisi kidogo. Kwa viroboto inakwenda kama mwezi, kwa kupe nguvu yake inapungua mapema zaidi, kwahiyo ukiona kupe wameanza kurudi baada ya wiki mbili sio lazima umeuziwa feki. Ila usirudie kabla ya wiki 4 bila daktari kukwambia. Na kama nyumbani kuna sungura, fipronili isimkaribie, inamuua.

*Bravecto ya matone ya paka.* Inadumu muda mrefu, hadi wiki 12 kwa baadhi ya kupe. Bei yake ukiitazama mara moja inatisha, igawanye kwa miezi ndo ulinganishe.

*Revolution Plus* (kwingine inaitwa Stronghold Plus), ya kila mwezi. Angalia neno Plus liwepo. Revolution ya kawaida kwa paka ni ya viroboto, utitiri wa masikio na minyoo, sio ya kupe, na hapa watu wengi wanapoteza hela zao. Hii na Bravecto, kama paka wako amewahi kupata degedege mwambie daktari kwanza.

*Kola ya Seresto ya paka*, inayofanya kazi kwa miezi 7 mpaka 8. Ina flumethrini ndani yake, na hapa naomba uelewe vizuri: ile kola inaachia dawa kidogokidogo kwa kipimo kilichopangwa kwa paka. Ile chupa ya flumethrini ya kumwagia ng'ombe mgongoni ina jina hilohilo lakini kwa paka ni sumu. Na usikate kola ya mbwa ili imtoshe paka.

Kola za bei ya mtelemko zinazouzwa barabarani bila maelezo ya kilichomo, achana nazo. Kama hujui kuna nini ndani, hujui unamvalisha nini.

Utajua umefaulu: unaweza kunionyesha kwa kidole sehemu ya boksi iliyoandikwa ni ya paka, jina la dawa, uzito na umri, na tarehe ya kuisha muda. Kimoja kikikosekana rudisha dukani.

## Hatua ya 2: Mpime uzito

Panda mizani ukiwa umembeba paka, soma namba, mshushe, panda mwenyewe, toa. Umepata.

Paka wetu wengi wa mtaani ni wembamba kuliko watu wanavyodhani na dawa zimegawanywa kwa uzito. Boksi la paka wa kilo 6 na kuendelea halimfai paka wa kilo 2 na nusu. Kama ni mtoto wa chini ya wiki 8, au hajafika kilo moja, au mama ana mimba au ananyonyesha, hapo hatua ya dawa iamuliwe na daktari. Kwa wakati huo endelea kumtoa kupe kwa mkono na kumchana kila siku.

## Hatua ya 3: Mkague, na ujue pa kutazama

Paka mzima anajilamba hivyo kupe wengi wa mgongoni na ubavuni anawatoa mwenyewe. Wanaobaki ni wale waliojificha ulimi usipofika. Kwahiyo usipoteze muda mgongoni, anza hivi: ndani ya sikio na kile kikunjo kidogo cha ukingoni, nyuma ya sikio, kwenye kope, chini ya kidevu, shingo yote (vua kola kama anayo), kwapani, kinenani, katikati ya vidole na chini ya mkia.

Pitisha vidole kinyume na manyoya, polepole, mpaka uhisi kivimbe. Fungua manyoya utazame kwenye mwanga wa jua. Kupe aliyeshiba ni wa kijivu na duara kama punje ya mbaazi, asiyekula bado ni bapa na wa kahawia. Wale wadogo kabisa waliotoka kwenye yai juzi wana miguu 6 tu na unaweza kudhani ni vumbi, hao ndo kazi ya chanuo.

Sasa hapa pana kosa linaloumiza sana: chuchu sio kupe. Paka ana chuchu 6 mpaka 8 hivi zilizopangwa safu mbili tumboni, hata dume anazo, na kuna watu wamezivuta kwa kibano mpaka paka akatoka damu. Ukitilia shaka tafuta miguu. Kupe ana miguu karibu na ngozi pale kichwa kilipoingia. Chuchu haina miguu, na ukitazama upande wa pili utakuta pacha wake. Kigaga cha kidonda nacho hakina miguu.

Mkague kila anaporudi jioni kipindi cha mvua, dakika tano zinatosha akishazoea. Fanya wakati wa kula au wakati amelala mapajani, sio ghafla tu unamkamata mlangoni.

## Hatua ya 4: Mtoe kupe

Kwanini usimwache dawa imuue? Kwa sababu kadiri kupe anavyokaa ananyonya, ndivyo nafasi ya kuingiza vijidudu vya ugonjwa inavyoongezeka. Ukimwona, mtoe.

1. Mfunge paka kwenye taulo ukiacha kichwa, au ile sehemu unayoihitaji tu. Mtu wa pili akiwepo kazi inakuwa nyepesi mara mbili.
2. Vaa glavu. Kupe anaweza kubeba vijidudu vinavyomletea hata binadamu homa, na vinapita kwenye michubuko ya mikono.
3. Gawanya manyoya uone mahali kichwa kinapoingia.
4. Mshike kwa kibano chini kabisa, kibano kiguse ngozi. Usishike tumbo. Ukiminya tumbo unausukuma uchafu wake wote urudi ndani ya damu ya paka.
5. Vuta moja kwa moja kwenda juu, kwa nguvu ndogo isiyobadilika, bila kushtua. Kupe anajigandisha kwenye ngozi kwa kitu kama gundi, ngozi itainuka kidogo, subiri, usiongeze nguvu, ataachia mwenyewe. Kama unatumia kindoano, hicho ndo unakizungusha polepole, kibano hakizungushwi.
6. Mtumbukize kwenye spirit, funga. Usimponde kwa kucha wala kumkanyaga sakafuni.
7. Safisha pale kwa maji na sabuni kidogo, kausha, nawa mikono.

Kiberiti, sigara, Vaseline, spirit akiwa bado kwenye ngozi, vyote hivyo acha. Havimfanyi atoke haraka, vinamsumbua tu atapike kwenye kidonda.

Utajua umefaulu: kupe katoka mzima, miguu bado inacheza, na mbele yake unaona kile kidomo kidogo. Kwenye ngozi kunabaki doa jekundu, baadaye kivimbe kinachokaa siku chache halafu kinapotea.

Kidomo kikibaki ndani usichimbe kwa sindano. Safisha uache, ngozi itakisukuma yenyewe. Rudi kwa daktari kama panazidi kuvimba, panatoa usaha au paka hataki paguswe.

## Hatua ya 5: Mpake dawa vile inavyotakiwa

Nazungumzia ya matone kwa kuwa ndo wengi wanatumia.

Asiwe ameoga siku 2 kabla na asiogeshwe siku 2 baada. Fipronili inasambaa kwenye mafuta ya ngozi, ukiyaondoa kwa sabuni dawa haina pa kusafiria. Kama unafuga paka zaidi ya mmoja watenganishe mpaka pakauke, wasilambane.

Msimamishe au mkalishe ukiwa nyuma yake. Mahali pa kupaka ni juu ya shingo, pale fuvu linapoishia, sehemu ambayo ulimi wake hauwezi kufika. Ukiweka chini zaidi kwenye mabega paka mwembamba anageuka na kuilamba.

Tenganisha manyoya kwa vidole viwili mpaka uione ngozi, ile nyeupe au ya pinki yenyewe. Weka mdomo wa kichupa kwenye ngozi, minya yote. Shikilia manyoya sekunde chache usiyarudishe haraka. Nimeshaona shingo nyingi zenye manyoya yaliyoganda kwa dawa kote juu huku ngozi chini ni kavu kabisa, hiyo dawa imelipwa na haikufanya kazi.

Akifanikiwa kuilamba atatoa mate na kukunja sura kwa dakika chache, ni ule uchungu tu. Akianza kutetemeka, hiyo ni habari nyingine, nenda sehemu ya dharura chini.

Kwa kola: iwe na nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo, kata kipande kinachobaki. Ikague mara kwa mara hasa kwa paka anayekua.

Utajua umefaulu: hapa wengi wanakata tamaa bure. Dawa nyingi hazimzuii kupe kupanda, zinamuua baada ya kupanda, na fipronili inaweza kuchukua mpaka siku 2. Ukimkuta kupe kesho yake haimaanishi imegoma. Mtazame: akiwa amekauka, amesinyaa, haongezeki ukubwa, dawa inafanya kazi. Wakiwa wanavimba na kushiba vizuri wiki ya kwanza tu, hapo ndo uulize kuhusu upakaji au ubora wa dawa.

## Hatua ya 6: Wafuate wanakokaa

Kupe unaowaona kwenye paka ni wachache. Wengine wako kwenye majani, kwenye nyufa za ukuta na kwenye mbwa. Jike mmoja wa kupe wa mbwa akishashiba anadondoka, anajificha kwenye ufa na kutaga mayai mpaka kama 4,000. Huyu anapenda nyumba kabisa, anapanda ukuta mpaka kwenye dari, na mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula akisubiri. Ndo maana unatoa leo na kesho wapo.

Mbwa atibiwe siku moja na paka, ila kama anaishi na paka chagua dawa isiyo na permethrini. Paka wanapenda kulala wamejibanza kwa mbwa na kumlamba, wanapata sumu bila wewe kuwapaka chochote. Mbuzi na ng'ombe vilevile, siku ya kuogesha mfungie paka ndani mpaka wakauke, na ndoo ya dawa usiiache wazi.

Banda na nyufa: toa matandiko yote, yafue kwa maji ya moto yaanikwe jua kali. Fagia, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha ziba kwa saruji. Hii saruji watu wanaidharau, lakini nyumba za kupe ndo hizo nyufa. Ukilazimika kupiga dawa ya kunyunyizia bandani, paka asisogee mpaka pakauke kabisa.

Uwanja: kupe wa nje anapanda juu ya jani, ananyoosha miguu ya mbele na kusubiri mnyama apite. Fyeka majani yawe mafupi hasa kando ya uzio na ile njia paka anayopita kila siku (fuatilia, ana njia zake). Ondoa marundo ya majani makavu, mbao na matofali, maana ndo nyumba za panya, na panya wanabeba kupe wachanga ambao paka anawapata akiwinda. Kuku wakiachiwa wanadonoa baadhi ya kupe, wasaidie tu, usiwategemee.

Usitegemee matokeo ya wiki moja. Mayai yaliyopo yataendelea kuanguliwa, kwahiyo rudia kufagia na maji ya moto kila wiki kwa miezi miwili mitatu.

## Hatua ya 7: Ratiba

Weka kikumbusho kwenye simu siku ileile unayopaka dawa, pamoja na jina la dawa. Anza kabla masika hayajachanganya, usisubiri kumwona wa kwanza. Pwani kwenye joto na unyevu mwaka mzima usiache kabisa, vuli nayo inaleta kupe wake. Na usichanganye kola na matone kwa pamoja ukidhani unaongeza nguvu, unaongeza sumu tu.

## Dharura: kapakwa dawa isiyo yake

Dalili za permethrini zinaanza ndani ya masaa machache, mara nyingine zinachelewa mpaka siku ya pili au ya tatu: masikio na ngozi vinachezacheza, anatembea kama anakanyaga moto, mate yanatoka, anatetemeka, kisha degedege.

1. Mpigie daktari wakati unaanza hatua ya pili, usisubiri kumaliza.
2. Kama hana degedege, muoshe sehemu iliyopakwa kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Ya moto yanafungua mishipa ya damu ngozini na dawa inaingia haraka, ya baridi yanamshusha joto.
3. Mkaushe, mfunge taulo kavu, abaki na joto.
4. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa kwa nguvu, na usimtapishe. Paka anayetetemeka anapaliwa kirahisi.
5. Nenda kliniki na boksi au chupa ya dawa mkononi. Permethrini haina dawa yake maalum ya kuiondoa lakini daktari ana za kutuliza misuli na kumwekea dripu, na paka wengi wanaofikishwa mapema wanapona. Amitrazi ina dawa ya kuipinga, ndo maana anahitaji kujua jina kamili la ulichompaka.

Nenda pia hata kama hakupakwa chochote kibaya ila ana kupe wengi na ufizi umekuwa mweupe au wa manjano, anahema haraka, ana homa au hajala siku nzima. Mwinue mdomo wa juu kila unapomkagua uzoee rangi ya ufizi wake akiwa mzima, ili siku ikibadilika uione mapema.